Msomi wa Konokono

Nina shahada. Naisema mapema kwa sababu wapo watu hapa Bagamoyo waliokwisha kusahau, na wapo wengine, akiwemo mama mkwe, ambao hawajawahi kuamini. Nilisoma Mlimani, sayansi ya viumbe vya majini na uvuvi. Nikakesha maabara nikipasua vibua na changu mpaka mto wangu wa kulalia ukanuka kama soko la samaki. Nikavaa joho, nikapigwa picha, picha ikatundikwa kwa mama juu ya kabati la vyombo, na ipo mpaka leo, imefifia upande wa kofia. Tangu siku hiyo hadi mwezi uliopita hakuna kiumbe, wa majini wala wa nchi kavu, aliyewahi kuniita msomi.

Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha sheria. Cha mtumba, jalada limeshikiliwa na selotepu, na ukurasa wa kwanza una majina ya wamiliki watatu waliotangulia, mmoja kayakata maandishi yake kwa hasira. Nikapita nacho kwapani kwenye kijiwe cha kahawa. Mzee wa kahawa akainua macho, akasoma jalada herufi moja moja kama anayehesabu noti, kisha akawageukia wenzake waliojaa kwenye benchi.

“Sogeeni huko, msomi akae.”

Miaka yote ile ya minyoo ya samaki sikupata hata nafasi ya kusimama. Ndivyo ilivyo nchi hii. Daktari ataitwa daktari, mhandisi ataitwa injinia, mwalimu ataitwa mwalimu na deni lake dukani. Lakini ingia mahakamani usikilize: wakili msomi kasema hivi, ndugu yangu msomi kapotoka pale, namwomba msomi mwenzangu akae chini. Wamegawana usomi wenyewe kwa wenyewe kama mirathi, sisi wengine hatukuitwa hata kwenye kikao. Nadhani chanzo chake ni kuzaliwa kwanza. Chuo kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, miezi miwili kasoro kabla ya Uhuru, kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria. Mtoto wa kwanza ukimzoesha kiti cha mbele, hashuki tena.

Mtauliza mtu mzima mwenye mke, watoto na shahada ya samaki anatafuta nini kwenye sheria. Jibu ni njaa. Nilikuwa kwenye mradi mmoja wa mwani na kaa kule Mlingotini, nao ukaisha, kama miradi yote inavyoisha punde gari lake linapoizoea barabara. Nikakaa chini kutafakari ni bidhaa gani Bagamoyo haina msimu. Samaki ana msimu, embe lina msimu, hata watalii wana msimu. Ugomvi wa viwanja hauna. Ondoka Bunju, pita Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia mjini: kila kiwanja kina wenyewe watatu, yule aliyeuziwa, yule aliyeuziwa tena, na mjukuu wa marehemu aliyerudi kutoka Unguja na karatasi yenye muhuri wa mkoloni. Habari ya bandari kubwa iliposainiwa mwaka 2013, hata mnazi uliokufa ulipata wamiliki. Bandari ikasimamishwa, wamiliki hawakusimama. Kuta zote zimeandikwa kwa rangi nyekundu HAPAUZWI, na penye maandishi hayo ndipo panapouzwa sana.

Nikasema hapa ndipo penye samaki, nami ndiye mvuvi. Kilichobaki ni leseni.

Leseni ndiyo iliyonitoa jasho. Kule Uingereza, ambako sheria hizi zilipakiwa melini, mtu mwenye shahada ya kitu kingine husoma kozi ya mwaka mmoja ya kumgeuza kuwa mtu wa sheria, na tangu 2021 upo mtihani ambao mwenye shahada yoyote anaruhusiwa kuujaribu. Lord Denning, jaji ambaye wanafunzi wetu humnukuu kuliko wanavyowanukuu wazazi wao, alianza na hesabu, akafundisha hesabu shuleni, kisha ndipo akarudi Oxford kusoma sheria na kuimaliza kwa mwaka mmoja hivi. Lord Sumption, aliyekaa kwenye mahakama yao ya juu kabisa, alisomea historia. Sasa mimi nikajipeleka kwenye ofisi ya udahili ya chuo kimoja, nisikitaje, nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Nikamweleza dada wa dirishani kwamba nataka kugeuzwa.

“Kugeuzwa kuwa nini, kaka?”

“Mwanasheria.”

Akaniangalia kwa huruma, akavuta cheti changu cha shahada, akakisoma, akanirudishia kama anayerudisha chenji. Kugeuzwa hakupo. Kupo kuanza. Mwaka wa kwanza, pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita. Cheti changu kitanisaidia kuingia tu, baada ya hapo ni kama nimekuja na kadi ya kliniki. Shahada ya sheria miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha Dar es Salaam, Law School, ile taasisi ya kujifunza uanasheria kwa vitendo, halafu ndipo uombe kukubaliwa kuwa wakili na uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Nikauliza kama samaki hawanipunguzii hata semista moja. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka. Dada wa dirishani hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Hapo ndipo nilipomkimbilia mpwa wangu. Yuko mwaka wa pili wa sheria, ana miaka ishirini na moja, na huongea nami kama jaji anayeongea na mshtakiwa asiye na mtetezi. “Mjomba,” akasema, “usisubiri mwezi wa kumi na moja. Anza sasa. Ukiingia mweupe utakula sapu, urudie mitihani, na ukila sapu nyingi utadisko, ufukuzwe chuo.” Kisha akanimwagia madesa: mkataba, jinai, katiba, madhara, mbinu za kisheria, karatasi za fotokopi juu ya fotokopi mpaka maneno yamekuwa vivuli. Nikamwonyesha kitabu changu cha mtumba kwa fahari. Akakifungua, akacheka. Tangu tarehe 1 Julai 2025, akaniambia, linatumika toleo la urekebu la sheria za nchi, toleo la mwaka 2023, na vifungu vingi vimehama namba. Kwa hiyo nimenunua ramani ya mji uliobomolewa. Nilikuwa hata sijui kuna neno urekebu.

Na kuhusu hiyo Law School, yeye ndiye aliyenikumbusha habari za 2022. Nami nilikuwa nazikumbuka, ila nilizikumbuka kama mtu anavyokumbuka ajali ya basi ambalo hakulipanda. Wanafunzi 633 walifanya mtihani. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342. Waliodisko walikuwa 265. Nchi nzima ilipiga kelele, waziri wa katiba na sheria, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni. Mimi kama mtu wa uvuvi niliona jambo moja tu: mvuvi akivua samaki 633 akabaki na 26 wa kuuza, hatumlaumu samaki peke yake. Tunakagua na nyavu, na barafu, na aliyeendesha boti. Lakini mawazo yangu ni ya kivuvi, hayana mamlaka.

Nikaanza kusoma. Alfajiri, kabla ya jua kuchomoza upande wa Unguja, niko barazani na taa ya simu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni tarehe. Ipo sheria, Sura ya 358, wanafunzi wanaiita JALA, nami kwa siku mbili nilidhani wanasema jalala. Inasema sheria ya mapokeo ya Kiingereza inatumika kwetu kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo hasa, si nyingine. Fikiria: Mjerumani ameondoka na ile Boma yake ametuachia hapa ufukweni, Mwingereza anaingia, anashusha sanduku, na humo mna majaji wote wa London waliokwisha kufa. Kilichokuwamo ndani ya sanduku siku hiyo kinatufunga. Kilichokuja baadaye kinatushawishi tu, kama muuza vitenge.

Nikalielewa hilo vizuri nilipokutana na konokono.

Wanasheria wote wanamjua konokono huyu, na nilipoona jina lake kwenye madesa moyo wangu uliruka, nikajua sasa wamefika kwenye somo langu. Agosti 1928, mama mmoja aitwaye May Donoghue aliingia kwenye mgahawa mjini Paisley, Scotland, pamoja na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi, chupa ya rangi nzito isiyoonyesha kilichomo. Akanywa. Rafiki alipoimimina iliyobaki, akatoka konokono aliyeoza. Mama akaugua, akamshtaki mtengenezaji, bwana Stevenson. Kesi ikapanda mpaka kwa waheshimiwa watano wa juu kabisa London, na mwaka 1932, watatu kwa wawili, wakasema mtengenezaji anawajibika kwa mnywaji hata kama mnywaji hakununua yeye. Lord Atkin akasema inakupasa kumchunga jirani yako, na jirani kisheria ni yule ambaye tendo lako litamgusa kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujalitenda.

Nikatafuta jina la kisayansi la huyo konokono. Wa maji baridi? Wa nchi kavu? Hakuna aliyeandika. Baadaye nikagundua sababu: hakuwahi hata kuthibitishwa. Waheshimiwa waliamua swali la sheria tu, Stevenson akafariki, shauri likamalizwa nje ya mahakama. Kwa hiyo watoto wetu wanakariri usiku kucha habari za konokono ambaye labda hakuwepo. Tena alikuja 1932, miaka kumi na miwili baada ya sanduku kufungwa. Huyu ni konokono wa kushawishi tu.

Nikaona ni heri niijaribu kesi hii kwa watu, kwani mpwa alisema kesi huingia kichwani ukimsimulia mtu mwingine. Nikaipeleka kijiweni baada ya alasiri. Wakanisikiliza kwa utulivu wa ajabu, vikombe mkononi. Nilipomaliza, fundi boti mmoja akawa wa kwanza.

“Huyo rafiki alikuwa mwanamke au mwanamume?”

“Haijulikani, mzee wangu. Kwenye kesi hakutajwa.”

“Ahaa.”

Hiyo “ahaa” ilizunguka benchi zima. Mama ana mume? Kwa karatasi, ndiyo, ila walikuwa wametengana. Ahaa. Na ilikuwa saa ngapi? Jioni, giza linaingia. Basi kesi ikawa imekwisha kubadilika, hakuna tena aliyemkumbuka konokono. Nikajitahidi kuwarudisha kwenye hoja, nikasema suala ni wajibu wa mtengenezaji kwa jirani. Mzee wa kahawa akaweka birika chini.

“Jirani mbona anajulikana? Ukikaanga samaki, pua iliyonusa harufu ndiyo ya jirani. Mpelekee kipande.”

Nikanyamaza. Nimeisoma ile hukumu ya Atkin mara tatu, na sijaona alipomzidi huyu mzee, isipokuwa yule aliandika. Wakaamua, kwa kauli moja, kwamba mama apewe soda nyingine na nauli, na huyo rafiki aitwe ajieleze. Kule, tangu soda inywewe mpaka hukumu ya London, ilipita karibu miaka minne. Hawa walimaliza kabla kahawa haijapoa.

Kesi nyingine iliyoniletea matatizo ni ya farasi. Katika kesi hiyo ya mwaka 1862 huko Uingereza, mjomba alitaka kununua farasi wa mpwa wake, akamwandikia: nisipopata habari zaidi, nitahesabu farasi ni wangu kwa paundi 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Mahakama ikasema kimya si ridhaa. Huwezi kumfunga mtu kwa mkataba kwa sababu tu hakujibu barua yako. Nikashangaa sana. Pwani hii wangapi wameozwa kwa kimya? Bibi harusi anaulizwa, anainama, ananyamaza, shangazi anasema keshakubali, vigelegele vinapigwa. Ukiipeleka kesi ya farasi kwenye nyumba zetu, nusu ya mji itaamka haina ndoa.

Lakini sheria niliipenda, nikaiweka akiba. Wiki hiyo hiyo mpwa akanitumia ujumbe: “Mjomba, nisipokusikia hadi Ijumaa nitajua umekubali kunitumia elfu hamsini ya fotokopi.” Nikafurahi kama mvuvi aliyeona kamba ya nyavu inatikisika. Nikanyamaza hadi Ijumaa, kisha nikamwandikia kwa Kiingereza cha madesa kwamba kwa mujibu wa kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley, kimya changu hakikuunda mkataba. Hakujibu. Dakika kumi baadaye akapiga mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa na ndiye aliyenibeba mgongoni.

“Wewe! Unamnyima mtoto hela kwa sababu ya farasi?”

Nikatuma elfu hamsini, na ya kutolea.

Mnaweza kuona kwamba bado sijaanza hata darasa, na tayari sheria inanila. Na hapo sijataja wateja. Tangu siku ya kile kitabu, barazani kwangu hapakauki watu. Wa kwanza alikuwa mama wa vitumbua, “baba, nina kaswali kadogo tu,” kumbe kaswali kana urefu wa tangu 1998 na shamba la Kiromo. Akafuata kijana wa bodaboda, akafuata mzee mwenye minazi iliyouzwa na mtoto wake wa kambo, akafuata mama mkwe, ndiyo, yule yule, na hati ya mpaka wa ukuta. Nawaambia mimi si wakili, nitaitwa wakili kishoka, na kufanya uwakili bila kusajiliwa ni kosa, nitaishia ndani. Wananiitikia kwa heshima. “Sawa msomi. Lakini wewe unaonaje?” Niliwahi kumwambia mmoja aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akaniangalia kwa masikitiko. Huko ndiko alikotoka.

Mpaka leo, mtu pekee aliyepata kipato kutokana na sheria nyumbani kwangu ni mke wangu, anayewauzia juisi ya ukwaju wakisubiri.

Lugha nayo ni mzigo wa peke yake. Mahakama ya Mwanzo imezungumza Kiswahili siku zote, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Nilishangilia, nikajua nimeokoka. Kumbe sheria imehamia Kiswahilini, madesa yamebaki Kiingerezani, na katikati kimekaa Kilatini. Mens rea, actus reus, locus standi. Mpwa ananiambia nikariri tu. Nikamkumbusha kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa Bagamoyo mwaka 1868 na kusali misa kwa Kilatini pale misheni, na babu zetu waliosimama nyuma ya kanisa hawakupewa shahada kwa kukisikia.

Kinachonikatisha tamaa kuliko vyote, hata hivyo, ni ushindani. Juzi nilikuwa ndani ya daladala nikienda Dar, kitabu mapajani, najaribu kukariri ile kesi ya 1892 ya kampuni iliyotangaza kwamba atakayetumia dawa yao ya kuvuta puani na bado akapata mafua makali atalipwa paundi 100. Bibi mmoja, Carlill, akavuta, akaugua, akadai, mahakama ikasema kampuni ilipe, tangazo lilikuwa ahadi ya kweli. Nikainua macho dirishani. Kwenye nguzo za umeme, kuanzia Bunju kwenda Tegeta, vibao vya waganga vimepigiliwa kimoja baada ya kingine, na namba za simu: anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, anakuza biashara, na hapo hapo kwa herufi kubwa, ANASHINDISHA KESI. Malipo baada ya mafanikio.

Huyu hakupita mwaka wa kwanza. Hakukutana na konokono. Sura ya 358 kwake ni jalala kweli. Na tangazo lake, kwa kesi ya Carlill, laweza kumfunga, ila sijasikia aliyethubutu kumshtaki mtu anayeshindisha kesi.

Nikimhesabia mke wangu miaka, ananipigia hesabu upande wa pili: ada, nauli, madesa, na umri wa mtoto wa mwisho siku nitakayoapishwa. Rafiki yangu mmoja alinishauri nipande Lushoto, kwenye chuo cha uongozi wa mahakama, nianze na stashahada. Nimeishi kwenye joto la bahari maisha yangu yote, na nimesikia habari za baridi ya Usambara. Nimeamua kufa na jasho langu.

Fomu nimeijaza, ada ya maombi nimelipa, na yule dada wa dirishani amenikumbuka, ananiita “kaka wa kugeuzwa”. Kwa hiyo ninyi wenye kesi za viwanja kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo mjini, nawaomba sana mnisubiri miaka mitano, sita nikila sapu. Wenye haraka, namba za simu ziko kwenye nguzo.